Kuzunguka Asia mke na mume na begi mgongoni: jinsi ya kupanga hela isiwaishie njiani

Watu wakijua mmezunguka Asia miezi kadhaa, mke na mume, begi mgongoni, swali la kwanza ni mlitumia shingapi, na wakishajibiwa wanashusha sauti wanauliza la pili, hamkugombana? Kwangu mimi ni swali moja tu hilo. Hela nyingi ya safari inapotea ile siku mmoja kachoka na mwenzie bado ana mizuka ya kutembea, mnaishia kupanda teksi ya kwanza inayosimama, mnalala hoteli ya kwanza yenye AC, mnakula pale pale chini kwa bei ya wageni, kesho asubuhi mnaanza kulaumiana. Kwahiyo nikisema bajeti hapa nasema vyote viwili, hela na mwendo wenu.

Alafu jambo lingine, miongozo mingi ya hizi safari imeandikwa na Wazungu ambao wanashuka ndege wanagongewa muhuri wanapita. Sisi wenye pasipoti za Tanzania na Kenya tuna foleni zetu, makaratasi yetu na gharama zetu ambazo wao hawana habari nazo, nitazifikia.

Kuhama ndo kunakula hela

Kila mtu atakwambia Vietnam rahisi, Singapore ghali. Ni kweli, ila kasi mnayokwenda nayo inawagharimu kuliko nchi mliyopo. Chukua Thailand, Bangkok kwenda Chiang Mai. Treni ya usiku inaondoka stesheni kubwa ya Krung Thep Aphiwat (treni za mbali zilihamia hapo Januari 2023, ukikuta maelezo ya zamani yanakupeleka Hua Lamphong achana nayo), inatumia kama masaa 12 hadi 13, kitanda cha daraja la pili chenye AC ni kati ya baht 800 na 1,100 hivi kwa mtu, cha chini ghali kuliko cha juu kwasababu ni kipana. Wawili mmeshafika kwenye baht 1,800 na kuendelea. Weka gari ya kuwapeleka stesheni, maji, vitafunwa, songthaew (pikapu ya abiria) ya kuwatoa stesheni asubuhi, chai, alafu chumba mnachochukua kwa bei yoyote wanayotaja kwasababu mmebeba mizigo na jua linawaka. Ndio, treni ya usiku imewaokolea chumba cha usiku mmoja, lakini mmefika asubuhi na gesti nyingi hazikupi funguo mpaka saa nane mchana, hayo masaa katikati mnakaa mgahawani mnanunua kahawa ambazo hamzitaki ili msifukuzwe. Mkijumlisha mnapita dola 70 na mji wenyewe hamjauona. Mkikaa Chiang Mai siku kumi, gharama hiyo inagawanywa kwa kumi, mkikaa siku mbili inagawanywa kwa mbili, hesabu ya darasa la nne.

Kwahiyo sisi mahali pakiwa na chakula kizuri na chumba chenye dirisha la maana tunakaa wiki au zaidi. Na wiki inashusha bei. Fanyeni hivi: bukini usiku mmoja au miwili tu mtandaoni, mkifika mnatua mizigo, jioni mnatembea kwa miguu mitaa ya jirani mnaulizia vyumba. Omba kukiona kwanza. Fungua bomba la maji ya moto, washa feni, kaa kitandani, jaribu wifi ukiwa ndani ya chumba maana mapokezi kila siku iko vizuri, angalia kama kuna baa chini, ndo uulize bei ya wiki. Mume wangu ndo alikuwa mtu wa kuulizia bei na mimi ndo wa kukunja uso nikiangalia kona za chumba, tuligawana hizo kazi na zikatuzalia matunda.

Hesabu za wawili

Tulijiwekea dola 50 kwa siku kwa watu wawili, ndani yake kuna kulala, kula, usafiri wa nchi kavu, laini ya simu, dobi na vikorokoro. Ndege za kwenda na kurudi, viza, bima na viingilio vikubwa viko nje. Hiyo ni kama sh. 6,500 za Kenya, kwa za kwetu ni laki na ishirini kwenda juu, inategemea dola imeamkaje. Kaskazini mwa Thailand na Vietnam inatosha na inabaki. Malaysia inatosha ukitulia. Visiwa vya kusini mwa Thailand msimu wa watalii haitoshi, kila kitu kimepanda boti kuja pale na bei imepanda nayo.

Chumba cha wawili chenye feni Chiang Mai unapata kwa baht 350 hadi 500, Vietnam kuna vyumba visafi vya dong 250,000 hadi 400,000 na vingi vina AC, Penang kule Malaysia ringgit 70 hadi 100. Sahani ya chakula cha barabarani Thailand ni baht 50 hadi 70, bánh mì (mkate wa kujazwa) Vietnam dong 20,000 hadi 30,000, bakuli la phở (supu ya tambi) 40,000 hadi 60,000. Dola moja kata baht 33 na dong 25,000 kichwani, hutakosea sana.

Sasa sikilizeni kitu ambacho wanaosafiri peke yao hawakijui. Mkiwa wawili kuna vitu mnagawana na kuna vitu mnazidisha. Chumba, gari, dobi (wanafua kwa kilo), dawa ya meno, intaneti ya simu moja ikiwashwa hotspot, hivyo mnagawana. Tiketi, viza, bima, viingilio na matumbo, hivyo vinazidishwa mara mbili bila huruma. Ndo maana kitanda cha bweni hakina maana kwenu. Vitanda viwili vya bweni Chiang Mai vya baht 200 au 250 kila kimoja ni bei ya chumba chenu wenyewe chenye kufuli na choo. Bweni linaanza kuleta maana Singapore, na hata huko kuna wanaolala Johor Bahru upande wa Malaysia wakavuka asubuhi kurudi usiku, ila lile daraja la mpakani lina foleni ya kukuzeesha, msiende mwisho wa wiki.

Mfano wa kuzidisha ni mahekalu ya Angkor kule Kambodia. Tiketi ya siku moja ni dola 37, siku tatu 62, siku saba 72, kwa mtu mmoja. Nyie wawili siku tatu ni dola 124, yani zaidi ya bajeti ya siku mbili imeondoka getini. Ukiiweka kwenye matumizi ya kila siku itawavuruga kichwa wiki nzima mtakuwa mnajinyima ndizi. Ndo maana viingilio vikubwa tulivitoa pembeni tangu nyumbani, tuliandika orodha ya sehemu ambazo kweli tunazitaka, tukatenga hela yake, zingine tukazipita tukiangalia kwa nje. Hekalu la nane linafanana na la saba, hakuna mtu atakayewauliza. Na Angkor chukueni ya siku tatu, si lazima zifuatane, mna siku kumi za kuzitumia, na mkinunua jioni kuanzia saa kumi na moja mnaruhusiwa kuingia kuangalia jua likizama bila siku kukatwa.

Mfuko mmoja, mifuko mitatu

Hapa ndo ndoa za watu zinaponea. Msiende na mtindo wa mmoja kushika hela zote na mwingine kuomba, mtafika siku mtu anaomba hela ya soda kwa hasira. Tuliendesha kama kikoba. Kila Jumatatu tunatoa hela ya wiki kwenye akaunti, ya pamoja inaingia mfuko wa pamoja, na kila mmoja anapata kidogo sawa kwa sawa ambayo ni yake, haiulizwi. Akinunua kofia ya kijinga, ni yake. Mimi nilimaliza yangu kwenye maembe na masaji, yeye kwenye kahawa za Vietnam, hakuna aliyeulizwa. Anayeshika mfuko wa pamoja anabadilika kila wiki, na hii ilisaidia kuliko chochote, maana anayeshika ndo anaona zinavyokwenda, wiki ijayo akiwa hashiki anakuwa na adabu.

Matumizi andikeni usiku kabla ya kulala, daftari dogo au simu, dakika tano. Angalieni wastani wa wiki, ya siku moja haina maana, siku ya kuhama itaonekana kama msiba na siku ya kukaa kwenye kitanda cha kamba itaonekana mmekuwa matajiri.

Na wekeni nusu siku kila wiki ya kila mtu kwenda kivyake. Mko pamoja masaa 24, chumba kimoja, basi moja, meza moja, hata mpendane vipi. Mmoja aende makumbusho mwingine alale. Jioni mtakuwa na cha kuhadithiana.

Kadi, ATM na ile tabia ya QR

Nendeni na kadi mbili za benki mbili tofauti, moja kwa begi lake moja kwa begi lako, na mwambieni meneja wa benki kabla ya kuondoka kwamba mtatumia nje, kadi zetu zinafungwa haraka sana zikiona Bangkok. ATM za Thailand zinakata baht 220 hadi 250 kila unapotoa kwa kadi ya nje, haijalishi umetoa kiasi gani. Ukitoa 2,000 umelipa zaidi ya asilimia kumi, ukitoa 20,000 ni kama asilimia moja, kwahiyo toeni nyingi kwa mkupuo mgawane mifukoni. Mashine ikikuuliza kama unataka ikubadilishie kwa hela ya kwenu au uendelee bila kubadilisha, kataa kubadilishiwa, hiyo rate ni ya wizi wa heshima.

Utashangaa Thailand na Vietnam hata bibi wa ndizi za kuchoma kaning'iniza kibao cha QR, ni lipa namba yao, ila mara nyingi inataka akaunti ya benki ya kwao kwahiyo wewe mgeni unabaki na noti. Vietnam angalia vizuri, noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu, usiku kwenye mwanga hafifu unampa mtu wa teksi nusu milioni. Dola za akiba bebeni, mpya, zisizochanika wala kuandikwa, mnajua wenyewe duka la kubadilisha fedha linavyokuwa, Kambodia ni vile vile, wanatumia dola na riel pamoja, riel 4,000 hivi kwa dola, na noti yenye mchaniko wa milimita wanairudisha.

Makaratasi yetu

Cheti cha homa ya manjano ndo pasipoti yenu ya pili. Thailand, Malaysia, Singapore, India, wote wana jicho na sisi tunaotoka ukanda huu. Bangkok, uwanja wa Suvarnabhumi, kabla ya kupanga foleni ya uhamiaji unapita kwanza kaunta ya afya wanakugongea, ukienda moja kwa moja uhamiaji utarudishwa nyuma baada ya kupanga foleni yote. India ukikosa cheti wanaweza kukuweka karantini mpaka siku sita. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, na tangu 2016 cheti ni cha maisha hata kama kimeandikwa miaka kumi.

Viza: Malaysia, Singapore na Ufilipino tunaingia bila viza kwa matembezi mafupi, Wakenya na Watanzania. Vietnam tangu Agosti 2023 inatoa viza ya mtandaoni kwa nchi zote hadi siku 90, dola 25 kuingia mara moja, 50 kuingia zaidi ya mara moja. Ombeni kwenye tovuti ya serikali inayoishia na gov.vn, kuna tovuti za kufanana zinazotoza mara tatu. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, yale majina yetu matatu yasijichanganye, na mnachagua mpaka mtakaoingilia humo humo kwenye fomu. Thailand viza inaombwa mtandaoni, watataka taarifa ya benki na hoteli na tiketi. Nepal unapata uwanjani, dola 30 kwa siku 15, 50 kwa siku 30. Thailand, Malaysia na Singapore wote sasa wana fomu ya kujaza mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, bure kabisa, ukikuta inaomba hela umeingia tovuti ya matapeli. Sheria hizi zinabadilika, zikagueni upya mwezi wa safari.

Halafu tiketi ya kutoka. Mara nyingi anayewasumbua ni dada wa kaunta ya ndege hapa hapa nyumbani, uhamiaji wa kule anaweza asiulize kabisa. Atataka kuona mnaondoka lini Thailand, na kauli ya "tutaondoka kwa basi" haimwingii. Nunueni tiketi ya bei poa ya kutoka, Bangkok kwenda Kuala Lumpur au Penang kwa AirAsia mara nyingi ni rahisi ukiwahi, na muitumie kweli.

Cheti cha ndoa wekeni nakala kwenye simu na moja ya karatasi. Malaysia sheria ya khalwat inawahusu Waislamu, mkiwa wapenzi wa Kiislamu chumba kimoja bila ndoa mko kwenye hatari, mkiwa na ndoa cheti kinamaliza maneno. India nako hoteli zingine zinauliza, hasa majina ya ukoo yakiwa tofauti, na zingine zinakataa wageni kabisa kwasababu mwenye hoteli anatakiwa kupeleka taarifa zenu serikalini kila mgeni wa nje anapolala, wengine hawataki hiyo kazi. Msichukulie kama ubaguzi moja kwa moja, pigeni simu kabla.

Barabarani

Bolt ile ile iliyoko kwenye simu yako Dar au Nairobi inafanya kazi Bangkok na Kuala Lumpur, na nchi nyingi za kusini mashariki mwa Asia wanatumia Grab, app nyingine ya kuita gari, pakua zote ulinganishe. Ila pikipiki za kwenye app zinabeba abiria mmoja, mshikaki hakuna, kwahiyo Hanoi nyie wawili mnaita pikipiki mbili, na ukilinganisha mara nyingi gari moja dogo ni bei ile ile au inazidi kidogo, na mnakaa pamoja na mizigo.

Mabasi ya kulala ya Vietnam yana vitanda safu tatu ghorofa mbili, unavua viatu mlangoni unapewa mfuko wa plastiki. Mtu mrefu atateseka, mume wangu alilala kama ngumi. Njia nyingi zina mabasi mapya yenye vyumba vidogo vya pazia, na vingine ni vya watu wawili, ulizia hivyo kabla ya kulipia viwili tofauti. Ndege za bei rahisi zinapima begi la mkononi kilo 7, na kaunta wanapima kweli. Ujanja wa wawili: nunueni mzigo mmoja tu wa kilo 20 kwa jina la mmoja wakati wa kubuki, vizito vyote humo, mwingine anapanda mikono mitupu.

Kukodi skuta Thailand ni baht 200 hadi 300 kwa siku na inatamanisha. Ukiwa huna leseni ya pikipiki pamoja na ile ya kimataifa, bima ya safari haitalipa mkianguka, na hospitali binafsi za kule ni nzuri kweli kweli na bei yake pia. Pasipoti usiache dukani kama dhamana, toa hela ya dhamana au nenda duka lingine.

Bangkok mtu nadhifu akiwasimamisha karibu na Grand Palace, jumba la kifalme, kuwaambia leo pamefungwa, na kuna tuktuk itawazungusha kwa baht 20, mpiteni na tabasamu. Mwisho wa ule mzunguko ni duka la vito na la mshona suti.

Kula bila kukumbuka ugali

Mtu wa pwani Malaysia amefika kwao. Nasi lemak ni wali wa nazi, asubuhi, na dagaa wakavu na pilipili na yai. Roti canai ni chapati ya kusukumwa kwa mafuta, unamwagiwa mchuzi wa dengu, ringgit moja na nusu hadi mbili na kitu, na chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu ikatoa povu. Migahawa ya mamak ya Waislamu wenye asili ya India iko wazi mpaka usiku mnene, chakula ni halali, hakuna wa kuwafukuza. George Town kule Penang tulikaa kuliko tulivyopanga, ni mji wa urithi wa dunia tangu 2008, majumba yenye milango ya kuchongwa, misikiti, mahekalu, basi la bure la CAT linazunguka katikati ya mji, na nasi kandar (wali wa michuzi) ambayo foleni yake yenyewe ni burudani. Kama mna hela ya kukaa mahali pamoja tu, kaeni Penang. Mkienda Ramadhani, kuna masoko ya futari kila mtaa.

Thailand kuleni pale wenye ofisi wanapokula mchana. Maji msinunue chupa kila saa, mitaani kuna mashine za kujaza, baht moja kwa lita, bebeni chupa zenu. Pilipili ukisema unaiweza wanacheka kwanza, na wana sababu.

India ni kitu kingine, na kwa Watanzania Air Tanzania inaruka Dar hadi Mumbai moja kwa moja kwahiyo ni mahali pazuri pa kuanzia au kumalizia. Thali, sahani kubwa ya wali, mkate na mboga za aina aina, inashibisha wawili ambao hawana njaa kali, treni daraja la 3AC, la vitanda vya ngazi tatu na AC, ni raha kwa bei yake, tiketi zinafunguliwa siku 60 kabla na njia za maana zinajaa. Taj Mahal mgeni ni rupia 1,100 na 200 zaidi kuingia kaburini, mwenyeji 50, msilalamike, Serengeti kwetu mgeni naye halipi kama sisi. Ijumaa pamefungwa.

Mtakavyoangaliwa

Mtaangaliwa. India na vijijini Vietnam mtaangaliwa sana, watoto watashika nywele, familia nzima itaomba picha, na picha ya kwanza ni furaha, ya kumi siku hiyo hiyo inachosha. Tulikubaliana neno moja la siri la Kiswahili, mmoja akilisema tunaondoka hapo bila mjadala. Kiswahili kwenye safari hii ni mali, mnapiga bei mbele ya muuzaji na mnajadiliana kama chumba kinanuka mwenye chumba akiwa amesimama pale. Isipokuwa Bangkok mtaa wa Pratunam, pale wapo wafanyabiashara wa nguo kutoka kwetu, chunga mdomo.

Dada zangu sukeni kabla ya kuondoka na bebeni rasta za akiba. Mafuta ya mwili bebeni ya kutosha, maduka ya 7-Eleven yamejaa losheni za kung'arisha ngozi, unaweza kusoma makopo rafu nzima usipate ya kawaida. Na kanga mbili kila mmoja, hata mume: shuka la basi, taulo, pazia, ya kufunika mabega na magoti kwenye mahekalu ambako getini wanakodisha vitambaa kwa wasiojipanga.

Kuvuka barabara Hanoi ni somo la siku ya kwanza. Aliyezoea Kariakoo anakimbia, kule ukikimbia umekwisha, unashuka barabarani unatembea taratibu kwa mwendo ule ule bila kusimama wala kurudi nyuma, pikipiki zinakupita pande zote. Tulishikana mikono, na ndo mkono mmoja ukitaka kurudi na mwingine kuendelea ndo hatari inapoanza, kwahiyo achianeni.

Kalenda kabla ya ramani

Chiang Mai Februari mpaka Aprili wanachoma mashamba, moshi wake si wa mchezo, mwenye pumu asiende. Songkran, mwaka mpya wa Thailand, Aprili 13 hadi 15, nchi nzima inamwagiana maji na usafiri umejaa. Tết, mwaka mpya wa Vietnam, Januari au Februari, familia zote ziko njiani, maduka yamefungwa, bei za mabasi juu, siku hizo kaeni mahali pamoja mlikokwisha kulipia. Mvua kusini mwa Thailand haziji pamoja, pwani ya Phuket inanyesha Mei hadi Oktoba, upande wa Samui inakuwa nzito Oktoba hadi Desemba, kwahiyo mnahama upande.

Tiketi ya kurudi nyumbani nunueni mapema yenye ruhusa ya kubadilisha tarehe, na hela ya kuanzia mkirudi, kodi ya miezi miwili na chakula, ikae akaunti ambayo kadi yake mmeiacha kwa mama. Hela za kule zimalizeni kule, dong ukishatoka Vietnam ni shida kuibadilisha, kip ya Laos ndo kabisa. Sarafu za baht maduka ya kubadilisha fedha hayazichukui, zimwageni zote kaunta ya 7-Eleven siku ya mwisho mhesabiwe, mtapata angalau maji na ndizi ya kupandia ndege.